Kamba Mmoja Mbele ya Mkwe

Alhamisi, 27 Machi

Itangazwe kwa watu wote wa nyumba hii, walio hai na waliotangulia, kwamba leo baada ya futari jino la chini la mbele la Zakia limeanza kutikisika. Kikao cha dharura kimefanyika jikoni. Waliohudhuria: mimi bibi yake, Zakia mwenyewe, na kuku mmoja. Imeamuliwa kwamba jino lisiguswe na mtu yeyote, hata bibi, hata daktari, mpaka litoke kwa hiari yake. Likitoka litarushwa juu ya paa la nyumba yake, kama yalivyorushwa ya mama yake. Mwenye jino ametia muhuri kwa kuziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Hiyo ndiyo habari kubwa. Ndogo ni kwamba binti yangu Zuhura, mama yake Zakia, amepiga simu. Anakuja sikukuu, na mume wake.

Huyo mume sijamwona. Arusi ilifungwa Dar mwaka jana, harakaharaka, mimi nikiwa na homa. Niliona picha kwenye simu ya mdogo wangu Hasani. Sauti yake naijua: "Shikamoo mama." "Marahaba." Kisha wote wawili tunasikiliza upepo mpaka salio linakwisha.

Zuhura kasema tena: sikukuu nisipike. Watatutoa. Kututoa wapi? Hotelini, ufukweni — "autingi, mama." Mimi napika sikukuu tangu niolewe. Nikauliza, na majirani wakileta sahani zao watamkuta nani? Akacheka. Zuhura akicheka namna ile huwa kuna kitu amekikalia.

Jumamosi, 29 Machi

Wamefika na basi la mchana. Ismael ni mrefu, mpole, anatunza stoo ya vifaa vya ujenzi huko Mbagala. Kila kitu anakipima kwa macho — mlango, bati, mimi. Kasema bati la uani limechoka. Ni kweli limechoka. Lakini mtu hata viatu hajavua.

Zakia akatutambulisha. "Huyu ni Bibi. Ni mke mwenzangu."

Ismael akanitazama, akamtazama mke wake. Ikabidi Zuhura aeleze, kumbe huko mjini utani wa babu na mjukuu umekwisha. Marehemu mume wangu Salumu alimwita Zakia "mke wangu" tangu mtoto anatambaa. Alipofariki tukabaki wajane wawili, mimi na huyu, naye ana miaka mitatu. Sasa ana sita. Eda nilikaa peke yangu, mke mdogo alikuwa anacheza nje.

Zakia nililetewa hajatimiza miaka miwili. Mama yake ameachika, anakwenda Dar kutafuta kazi, "nitamfuata nikijiweka sawa." Mimi nikaamini kama watu wote wanavyoamini maneno ya stendi. Mtoto anamwita "Mama Zuhura." Mimi Bibi, au mke mwenzangu akitaka kitu.

Futari: wao sebuleni, mimi jikoni nyuma ya mlango. Nikamsikia Ismael: "Mama hafuturu na sisi?" Zuhura akamwambia mama hali mbele ya mkwe. "Mpaka lini?" "Mpaka umfungue kinywa." Ukoo wetu ndivyo tulivyo. Mkwe huleta kanga, huandaa chakula, mama mkwe akila mbele yake basi pazia limeanguka, huyo sasa ni mtoto wa nyumba na hawezi tena kunyimwa kitu. Kabla ya hapo hata jina lake silitaji. Hapa kwenye karatasi namwita Ismael. Mdomoni ni "huyo wa Zuhura."

Nilikuwa nafagia chumba chao. Ufagio ukagonga begi. Begi likafunguka kuliko lilivyokuwa. Ndani mna sare ya shule — sketi ya buluu, shati jeupe, bado na karatasi zake za dukani. Saizi ya mtoto. Hakuna mtu wa saizi hiyo nyumba hii ila mmoja.

Nikalifunga begi. Nikafagia tena mahali palipokwisha fagiliwa.

Jumapili, 30 Machi

Mwezi umetangazwa, kesho Idi. Mwezi wa siku ishirini na tisa. Watoto wamepiga kelele mtaa mzima, Zakia kapiga kelele huku kashikilia jino.

Hasani na Ismael walisimama chini ya dirisha langu wakijifanya wanatafuta mwezi. Sijui waliutafuta upande gani, maana walikuwa wamelitazama dirisha la jirani.

Hasani: "Dada yangu haombwi kwa maneno. Ukimwomba kwa maneno atakupa maneno, na yake ni mengi. Mpe kanga. Mlishe. Akila mbele yako, ndipo useme la mtoto. Hatakuwa na pa kutokea."

Ismael: "Na wewe mjomba, upande wako?"

Hasani: "Mimi sina neno. Hiyo hoteli pweza wao wanamchemsha vizuri?"

Basi nimejua. Mjomba ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada yake, na mjomba wetu kauli yake ina miguu minane.

Sada wa nyumba ya pili kaja kuuliza kama ni kweli. "Shoga, sikukuu mnakula hotelini? Jiko limevunjika?" Nikamwambia jiko zima, ni mimi ninayetolewa. Akasema ataleta sahani yake vilevile, akikuta kufuli ataikabidhi kufuli.

Nimeamua. Kanga nitapokea, mimi si mkorofi. Chakula sitagusa.

Jumatatu, 31 Machi. Idi

Nimechoka lakini niandike kabla sijaanza kujidanganya.

Asubuhi vizuri. Swala, wageni, watoto kupita kuomba sikukuu yao. Zakia na gauni la njano, kiatu kinalia. Chai nilikunywa kabla hawajaamka, na kipande kimoja cha mkate. Nilidhani kitanitosha. Ujinga huo.

Hoteli ni ile mpya, ya wageni wanaokuja kwa ajili ya magofu. Nilitegemea meza ndefu, mimi nikae mwisho, nigeuze bega, nijifiche kwa mtandio. Meza ya duara. Aliyebuni meza ya duara hakuwa na mkwe.

Nikamwita mhudumu, kijana jina lake Valentini limeandikwa kifuani. Nikamwomba meza yangu mwenyewe, ile ya kando. Akasema hakuna shida mama. Akaibeba, akaileta, akaigusisha na yetu. Akadhani amenisaidia.

Menyu ina picha. Zakia akaisoma yote kwa kidole. Ismael akaagiza kama mtu anayejaza stoo: kamba wa kukaanga, pweza wa nazi, changu mzima, chipsi za mtoto, wali, soda za rangi zote. Na mimi? Nikasema nimeshiba. Saa saba mchana, siku ya Idi, mwanamke aliyefunga mwezi mzima — nimeshiba. Valentini akaandika "wali samaki mmoja" bila kuniuliza tena. Ana mama yake huyu.

Kabla chakula hakijaja Ismael akatoa kanga. Doti nzima, nyekundu ya damu ya mzee, imefungwa kwa karatasi ya maua. Akaniwekea mbele kwa mikono miwili. "Mama, nilichelewa. Naomba radhi." Alisema vizuri. Ingekuwa rahisi zaidi angesema vibaya. Nikapokea, nikashukuru, nikaiweka mapajani kama mtoto wa mtu.

Chakula kikaja. Nisieleze harufu. Hasani alimvamia pweza bila bismillahi ya kusikika. Wazungu wawili meza ya pili wanatuangalia, nadhani wanajiuliza yule bibi kakosa nini hata hapewi kijiko. Mwezi ulikuwa wa siku ishirini na tisa. Ya thelathini nimeifunga hotelini, mbele ya changu mzima ananitazama kwa jicho moja. Na kufunga siku ya Idi ni haramu. Nilikuwa natenda dhambi hadharani na njaa juu.

Ismael: "Mama, chakula kinapoa."

Mimi: "Kuleni, wanangu. Mimi macho yangu yamekula."

Hasani, mdomo umejaa: "Dada, macho hayana tumbo."

 Zuhura alikuwa anamtazama Zakia.

Zakia alitaka kamba, lakini jino. Kwa hiyo nikawa namenyea — naondoa ganda, nachana vipande vidogo, nampa kwa upande wa magego. Mikono ina mafuta mpaka kwenye kifundo. Kamba watatu nilimenya, sikulamba hata kidole. Wa nne Zakia akaukamata mkono wangu. "Wewe kwanza."

Sasa hii ni sheria yetu ya nyumbani. Chakula chake mimi huonja kwanza, kwa ajili ya moto na miiba. Tangu anaota meno. Hajawahi kula samaki ambaye mimi sijamhakikisha.

Nikasema kamba hana miiba. Akasema, "Wewe kwanza, mke mwenzangu," akamchukua kamba mwenyewe, akanyanyuka juu ya kiti, akaniletea mdomoni.

Nikafumbua. Sio mimi, mdomo wangu. Umemzoea yule.

Hasani akapiga meza. "Alhamdulillahi! Amekula!"

Ismael akaweka kijiko chini, akafuta uso kwa kitambaa cha karatasi, uso wote, kama mtu aliyemaliza kupakua lori. Akasema — taratibu, na mtoto anasikia, na Wazungu wanasikia — "Mama, tunaomba Zakia akakae na sisi. Shule ipo karibu, nafasi ipo. Tunaondoka naye Ijumaa, ukiridhia."

Mimi nilikuwa natafuna. Wakasubiri nimeze. Sidhani kama kuna kamba aliyewahi kutafunwa namna ile pwani hii yote. Aligeuka maji, nikaendelea kutafuna.

Halafu mvua. Masika hayakuomba ruhusa. Ilishuka yote pamoja, vitambaa vya meza vikaruka, Valentini anakimbia na sinia kichwani, Hasani anakimbia na bakuli la pweza. Tukajibanza barazani. Hakuna aliyenikumbusha swali na mimi sikulikumbuka.

Kamba alikuwa mtamu. Naandika ukweli.

Nyumbani, sahani ya Sada ilikuwa mlangoni, imefunikwa na sahani nyingine, chungu wamefika kabla yetu.

Jumanne, 1 Aprili

Sikukuu ya pili. Wote wanaishi kana kwamba nimejibu. Zuhura anafua nguo za Zakia zilizo safi. Ismael kapanda juu kugongomea bati la uani, hakutumwa.

Nimemwita Hasani pembeni. Nikamwambia: kulishwa si kula. Mtoto kanitia kitu mdomoni, angenitia jiwe ningefanyaje?

"Jiwe ungelitema, dada."

"Chakula kilikuwa cha Zakia. Si changu. Mimi nilionja."

"Kililipiwa na nani?"

Huyu tangu utotoni hashindwi mabishano ila ukimnyima kitu, na sina cha kumnyima. Jana kala mpaka leo.

Nikaenda kwa Sada. Sada ameoza mabinti wanne, mambo ya ukwe ndiye anayeulizwa. Akanisikiliza anachambua mchele. Akauliza, "Ulitafuna?"

"Nilitafuna."

"Ulimeza?"

"Mvua ilinyesha."

"Shoga, sijakuuliza mvua."

 Akasema kama mama mkwe amelishwa na mtoto, yeye hajawahi kusikia kesi hiyo, lakini kama amemeza basi amemeza. Kisha akasema, bila kuacha mchele, "Na hivi wewe unabishania kamba au unabishania mtoto?"

Nikamwambia sahani yake nitairudisha kesho.

Nyumbani nimekula jikoni nyuma ya mlango, kama kawaida. Zuhura kaniona. Kaweka mkono kwenye kitasa kisha kautoa.

Jumatano, 2 Aprili

Zakia kajaribishwa sare. Kiuno kinampwaya. Anazunguka uani anataka kila mtu amwone, hata kuku.

Nikamwuliza tukiwa wawili: kule hotelini, nani alikwambia unilishe?

"Mama Zuhura. Alisema Bibi ana njaa lakini anaona haya."

Basi. Nilidhani nimezungukwa na Hasani na pweza wake. Kumbe aliyenizunguka nilimzaa mimi, na kanijua mpaka kwenye utumbo. Sikuwahi kumfundisha hila. Ameona nyumbani.

Nikamfuata Zuhura kisimani. Niliyosema siyaandiki yote. Nilisema miaka minne na zaidi, homa zake, meno yake, surua. Nilisema mtoto si begi la kuacha stendi halafu ulifuate siku ukilikumbuka.

Zuhura alisikiliza mpaka nilipoishiwa. Akasema, "Mama, ananiita Mama Zuhura. Kama jirani. Kama vile wewe unavyomwita Mama Helena wa dukani." Ndoo ilishajaa, maji yanamwagikia miguuni, hakuiondoa. "Ningekuomba kwa kawaida ungesema mwakani. Mwaka jana ulisema mwakani."

Ni kweli nilisema mwakani.

Nikamwuliza Zakia: usiniache, unataka kwenda Dar? Sijamwuliza hivyo. Nilimwuliza tu unataka kwenda Dar. Kasema ndiyo. Nikamwuliza utarudi lini? Kasema kesho, baada ya shule.

Kuna watu wa kumweleza Dar iko wapi. Leo sikuwa mmoja wao.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimeamka na maneno tayari. Nimeyapanga nikisukuma chapati. Kwamba kanga nimeipokea kwa moyo na nitaivaa. Kwamba kulishwa si kula, hata Sada hajui kesi hii. Kwamba mtoto amalize mwaka hapa, wamchukue likizo, wamrudishe, mwakani tena — hapana, neno mwakani nililiondoa — Januari, aanze darasa la kwanza kwao. Maneno mazuri. Nimeyasema yote mbele ya kuku, hakupinga.

Basi ni kesho alfajiri. Begi la Zakia liko mlangoni, limefungwa kamba ya katani juu ya zipu. Ismael kalifunga, mafundo ya mtu wa stoo.

Uani wote wamekaa mkekani. Ismael na chai yake. Zuhura anapunguza kiuno cha sketi kwa mkono. Hasani kaja kuaga, kaja kwa kweli kwa chapati. Nikaweka sinia katikati, nikakaa kwenye kibao, karibu kuliko ninavyokaa siku zote, ili nisikike.

Nikasema, "Nina neno."

Hasani akaacha kutafuna. Ismael akaweka kikombe chini, akakunja miguu vizuri kama yuko msikitini. Uso wake ulikuwa wa mtu anayejua. Nikamwonea huruma, nikajikemea.

Zakia ndipo alipotoka chumbani. Mdomo wazi, mate, kidole ndani. Alinipita. Akasimama mbele ya Ismael.

"Linauma. Litoe."

Nikasema, "Haliguswi hilo. Tulikubaliana."

"Yeye anaweza," akasema. Akamfumbulia mdomo kama anavyonifumbulia mimi.

Ismael akanitazama. Hakumgusa mtoto. Alikuwa ananiomba ruhusa, kwa macho, na sijui macho yangu yalifanya nini. Akaenda kunawa kwenye ndoo, akanawa mpaka kwenye viwiko. Zuhura akakata uzi wa buluu kwa meno, ule wa sketi, akampa. Mwanaume yule anabeba saruji kila siku. Kitanzi kilimshinda mara mbili. "Tutahesabu mpaka tatu," akamwambia. "Moja. Mbili —" akavuta.

Zakia hakulia. Alibaki anashangaa, kisha akacheka na damu kidogo kwenye fizi, na mwanya. Hasani akasema sasa mke wa marehemu amezeeka. Zuhura alikuwa anacheka na kulia, sindano bado iko mkononi.

Jino liko kwenye kiganja cha Ismael. Dogo, punje ya mchele ni kubwa. Zakia akalichukua, akaja nalo kwangu, akalishika juu baina yetu.

"Bibi, tunalirusha paa lipi? La hapa au la kule kwa Baba Ismael?"

Wote wakanigeukia. Hata kwa Sada ufagio ulinyamaza. Nikainamisha macho nitafute pa kuanzia, neno langu la kwanza, lile la kanga.

Mkononi nilikuwa nimeshika chapati. Imebaki nusu, na sijui nusu ya kwanza niliila saa ngapi.